Geji ya Oili Inaposhuka: Somo la Mnato, Mwanya na Kanieneo katika Injini ya Lori Kuukuu

Katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, lori lililokwisha tembea kilomita laki tano au zaidi linaweza kuupanda Mlima Kitonga na shehena yake bila kuonyesha kasoro yo yote. Mshale wa geji ya oili hukaa mahali pake muda wote wa safari. Kisha lori hufika kwenye foleni ya mizani. Dereva huondoa mguu kwenye kikanyagio, injini huanza kuzunguka polepole bila kuvuta mzigo, na papo hapo mshale hushuka hadi karibu na mwisho wa chini. Dereva akikanyaga tena, mshale hupanda. Akiacha, hushuka.

Jambo hili huzua maoni ya namna tatu. Mmoja husema kwamba geji ni mbovu na isitiliwe maanani. Wa pili hushauri itiwe oili nzito zaidi. Wa tatu husema kwamba injini imekwisha, na hapana budi ifunguliwe yote. Kila mmoja wa watu hawa anaweza kuwa na haki, na kila mmoja anaweza kukosea. Akikosea wa kwanza, krankshafti huweza kukwama barabarani na injini nzima ikapotea. Akikosea wa tatu, mwenye lori hugharimia beringi, gasketi na siku nyingi za gereji, hali kasoro ilikuwa katika kifaa kidogo kinachofungwa kwa spana moja.

Makala haya yanakusudia kueleza sababu za kifizikia za kushuka huko kwa geji, na kuonyesha utaratibu ambao fundi mwenye busara huufuata ili kuipata sababu ya kweli. Mwalimu wa fizikia ataona kwamba somo la mnato na kanieneo, ambalo wanafunzi wengi hulijua kwa maneno tu, hapa linaamua mambo yenye gharama kubwa.

KAZI YA OILI NA MAANA YA GEJI

Ndani ya injini ya dizeli, krankshafti huzunguka juu ya beringi laini zenye umbo la nusu duara, zikifungwa mbili mbili kuizunguka kila shingo ya shafti hiyo. Kati ya shingo na beringi umeachwa mwanya mdogo sana. Mwanya huo hujazwa oili, nayo oili ndiyo inayozuia chuma kisisuguane na chuma. Aidha, oili huchukua joto kutoka katika beringi na kulirudisha katika bakuli lililo chini ya injini, na huondoa uchafu na kuupeleka kwenye filta.

Pampu ya oili huendeshwa na injini yenyewe. Huvuta oili katika bakuli kupitia chujio, huisukuma kupitia filta, na kuiingiza katika mfereji mkuu uliotobolewa ndani ya bloku. Kutoka hapo oili hugawanyika kwenda kwenye beringi kuu, beringi za konrodi, kamshafti, mikono ya vali, na katika injini nyingi, kwenye tabo pia. Geji huonyesha kanieneo ya oili katika mfereji mkuu, yaani nguvu inayokandamiza juu ya kila kipimo cha eneo.

Hapa pana kosa linalowapata wengi. Hudhaniwa kwamba kanieneo inayoonyeshwa na geji ndiyo inayoibeba krankshafti. Sivyo. Jambo hili lilidhihirika Uingereza katika miaka ya 1880, wakati mhandisi Beauchamp Tower alipofanya majaribio juu ya beringi za aina iliyotumika katika magari ya reli. Tower aliiweka sehemu ya chini ya shafti ndani ya oili, na kuielemeza mzigo beringi iliyokuwa juu yake. Alipotoboa tundu juu ya beringi ili atilie oili, aliona oili ikipanda na kumwagika kupitia tundu hilo. Aliliziba kwa kizibo, nacho kikasukumwa nje. Alipofunga geji hapo, ilionyesha zaidi ya pauni 200 kwa inchi mraba, hali wastani wa mzigo juu ya beringi ulikuwa pauni 100 tu kwa inchi mraba. Hapakuwa na pampu yo yote katika jaribio hilo.

Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza sababu yake kwa njia ya hisabati. Shafti yenye mzigo haikai katikati ya beringi, bali huelemea upande mmoja. Kwa hiyo mwanya huwa mpana upande huu na mwembamba upande ule, mfano wa kabari. Shafti inapozunguka, oili hukokotwa na mnato wake na kuingizwa kwa nguvu katika ncha nyembamba ya kabari hiyo. Humo ndimo inamozaliwa kanieneo kubwa inayoinyanyua shafti.

Basi, kazi ya pampu si kuinyanyua krankshafti, bali kuhakikisha kwamba oili haikosekani katika beringi. Ndiyo sababu injini yaweza kudumu kwa kanieneo ndogo inapozunguka polepole, maadamu oili inafika kwa wingi wa kutosha. Kwa mfano, injini ya Cummins ya mfululizo wa B, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 5.9, imewekewa kiwango cha chini cha kilopaskali 69 katika mzunguko wa polepole, sawa na pauni 10 kwa inchi mraba. Na kilopaskali 207, yaani pauni 30, katika mwendo wake kamili. Injini nyingine zina viwango vyake, na fundi hapaswi kuhukumu geji kabla ya kuvijua viwango vya injini iliyo mbele yake. Mshale ulioshuka waweza kuwa umeshuka katika mipaka iliyo halali.

KWA NINI KASORO HUONEKANA INJINI IKIZUNGUKA POLEPOLE

Pampu ya oili haitengenezi kanieneo. Hutengeneza mtiririko. Meno ya giya zake hubeba kiasi kilekile cha oili kwa kila mzunguko, hivyo injini ikizunguka mara mbili zaidi, pampu hutoa takriban oili mara mbili. Kanieneo hutokea kwa sababu oili hiyo inazuiwa kutoka. Njia yake ya kutokea ni ile mianya ya beringi.

Fizikia ya majimaji yapitayo katika mwanya mwembamba inaonyesha uhusiano ufuatao. Kanieneo huongezeka sawia na mtiririko. Huongezeka pia sawia na mnato wa oili. Lakini hupungua kwa uwiano kinyume na kipeo cha tatu cha upana wa mwanya. Maneno haya ya mwisho ndiyo kiini cha jambo zima. Mwanya ukiongezeka maradufu, oili hupita kwa urahisi mara 8, kwa kuwa 2 × 2 × 2 = 8. Kulika kidogo kwa beringi, kusikoonekana kwa macho, huleta badiliko kubwa katika geji.

Kuna kifaa cha tatu cha kukumbukwa, nacho ni vali ya kudhibiti kanieneo. Injini inapokwenda kasi, pampu hutoa oili nyingi kupita mahitaji. Vali hiyo, yenye springi, hufunguka na kurudisha ziada katika bakuli, ili kanieneo isivuke kiwango kilichowekwa. Kwa sababu hiyo, injini mpya na injini iliyolika kiasi zaweza kuonyesha geji zinazokaribiana barabarani. Pampu ina akiba ya oili, na akiba hiyo huficha uvujaji. Injini inapozunguka polepole akiba hiyo haipo. Kila tone linalovuja hupungua katika geji.

MFANO WA HESABU

Ichukuliwe injini ambayo, ikiwa mpya na oili yake ikiwa moto, ina mwanya wa beringi wa milimita 0.08, na geji yake husoma kilopaskali 200 kwa mizunguko 700 kwa dakika. Vali yake ya kudhibiti imewekwa kilopaskali 420. Katika mizunguko 2,500 pampu hutoa oili mara 3.57 zaidi; kama vali isingalikuwapo, kanieneo ingalifika kilopaskali 714, lakini vali huizuia kwenye 420.

Beringi zikilika hadi mwanya ukawa milimita 0.10, mwanya umeongezeka mara 1.25. Kipeo cha tatu cha 1.25 ni 1.95. Kanieneo katika mzunguko wa polepole hushuka hadi 200 ÷ 1.95, yaani karibu kilopaskali 102. Katika mizunguko 2,500 itakuwa karibu kilopaskali 366. Dereva hataona sababu ya kulalamika.

Mwanya ukifika milimita 0.12, umeongezeka mara 1.5, na kipeo chake cha tatu ni 3.38. Sasa kanieneo katika mzunguko wa polepole ni karibu kilopaskali 59, nayo katika mizunguko 2,500 ni karibu kilopaskali 212. Iwapo viwango vya chini ni vile 69 na 207 vilivyotajwa hapo juu, injini hii bado inafaulu barabarani, lakini imekwisha shindwa kwenye foleni ya mizani.

Tofauti kati ya injini mpya na injini hii ni milimita 0.04, ambayo ni pungufu ya unene wa unywele wa kawaida wa binadamu.

Hesabu hii imerahisishwa. Katika injini halisi, oili huvuja pia ndani ya pampu yenyewe na katika sehemu nyingine, wala mianya yote hailiki sawasawa. Hata hivyo umbo la jibu ni la kweli, nalo latosha kueleza kwa nini mzunguko wa polepole, oili ikiwa moto, ndiyo hali inayoifichua injini iliyolika.

OILI NZITO: DAWA AU KIFICHO?

Mnato wa oili hubadilika sana kwa joto. Oili ya kawaida ya injini za dizeli, ya daraja la 15W-40, huwa nyepesi takriban mara 7 inapopata joto kutoka nyuzi 40 za Selsiasi hadi nyuzi 100. Ndiyo maana geji husoma juu asubuhi na kushuka baada ya kupanda mlima. Kipimo kilichochukuliwa injini ikiwa baridi hakithibitishi lo lote.

Kwa kipimo cha SAE, oili ya daraja la 40 yapasa kuwa na mnato wa kuanzia milimita mraba 12.5 hadi chini ya 16.3 kwa sekunde, katika nyuzi 100 za Selsiasi. Daraja la 50 huanzia 16.3 na kukoma chini ya 21.9. Tuseme mwenye lori la mfano wetu anaondoa oili yenye mnato wa 14 na kutia yenye mnato wa 19. Mnato umeongezeka mara 1.36. Kanieneo ya 59 sasa itakuwa karibu 80, nayo imevuka kiwango cha chini. Geji imepona, lakini mwanya ungali milimita 0.12.

Haisemwi kwamba oili nzito haina faida yo yote. Utando wake katika beringi ni mnene zaidi, na mahali ambapo mtengenezaji ameiruhusu kwa nchi za joto yaweza kutumika bila wasiwasi. Lakini haimrudishii mtu beringi iliyolika. Tena, katika asubuhi yenye baridi ya Makambako au Njombe, oili nzito hukawia kufika katika beringi za juu na katika tabo, na dakika za kwanza za kuwasha injini ndizo dakika za ukavu. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba dalili imefichwa. Kulika kunaendelea, na mara geji itakaposhuka tena, huenda shingo za krankshafti zimekwisha kwaruzwa.

DALILI NA MAANA ZAKE

Kabla ya kushika spana, fundi hupata habari nyingi kwa kuutazama mshale na kumwuliza dereva maswali. Je, kushuka kulianza ghafula, au kulikuja pole pole kwa miezi mingi? Je, kulianza baada ya kubadilisha oili au kutengeneza nozeli? Majibu hayo, pamoja na dalili zifuatazo, hupunguza idadi ya sababu zinazowezekana.

Mshale ukishuka katika mzunguko wa polepole wakati wa joto, na kupanda vizuri katika mwendo, yamkini oili imekuwa nyepesi, au mianya imepanuka, au pampu imelika.

Mshale ukiwa mwema katika mzunguko wa polepole, lakini ukashuka injini inapokwenda kasi, sababu ni kinyume chake: pampu haipati oili ya kutosha kuvuta. Chujio lililo katika bakuli limezibwa na tope la oili, au oili yenyewe imepungua.

Mshale ukitetemeka, huenda pampu inavuta hewa kupitia bomba lililopasuka au gasketi iliyolegea.

Mshale ukishuka ghafula katika kila mwendo, itazamwe kwanza vali ya kudhibiti kanieneo, ambayo yaweza kukwama wazi kwa sababu ya kipande kidogo cha uchafu au springi iliyovunjika.

Ikiwa taa nyekundu ya oili inawaka wakati lori liko katika mwendo, injini izimwe mara moja. Hapo hakuna nafasi ya kubahatisha.

UTARATIBU WA UCHUNGUZI

Kanuni ya utaratibu huu ni nyepesi: jaribio la gharama ndogo hutangulia, na kila jaribio liwe la namna ambayo jibu lake litaondoa angalau sababu moja. Hii ndiyo njia ya sayansi po pote inapotumika, iwe katika maabara au chini ya mwembe wa gereji.

Hatua ya kwanza ni kupima oili yenyewe. Lori lisimame mahali tambarare, injini izimwe, na baada ya dakika chache kijiti cha kupimia kitazamwe. Oili iliyopungua ni jambo lililo wazi. Lakini oili iliyoongezeka bila kutiwa ni habari mbaya zaidi, kwani yaonyesha kwamba dizeli au maji ya rejeta yanaingia ndani yake. Dizeli hujulikana kwa harufu na kwa wepesi wa oili kati ya vidole, na hata asilimia chache zake hupunguza mnato kwa kiasi cha kuonekana katika geji. Maji huipa oili rangi ya maziwa. Katika hali hizi mbili kubadilisha oili pekee hakutoshi. Lazima itafutwe njia ambayo dizeli au maji yanapitia.

Hatua ya pili ni kuihoji geji. Kifaa kinachopeleka habari kwenye geji hufunguliwa, na mahali pake hufungwa geji ya mkono inayosoma kanieneo moja kwa moja. Injini huendeshwa hadi ipate joto lake la kazi, kisha vipimo huandikwa katika mzunguko wa polepole na katika mwendo wa juu. Geji ya mkono ikisoma vema, kasoro ni ya kifaa hicho au waya wake, na uchunguzi umekwisha. Hatua hii huchukua muda mfupi, lakini ndiyo ambayo wengi huiruka. Tahadhari: oili yenye joto huunguza vibaya, kwa hiyo kifaa kifunguliwe injini ikiwa imepoa.

Hatua ya tatu ni kubadilisha oili na filta kwa daraja lililoagizwa na mtengenezaji, kisha kupima tena. Kipimo kikipanda na kubaki juu, oili ya zamani ilikuwa imechakaa. Filta ya zamani isitupwe kabla ya kukatwa na kukunjuliwa karatasi zake. Chembe za chuma zitavutwa na sumaku, nazo hutoka katika giya, shafti au silinda. Chembe zinazong'aa ambazo sumaku haizivuti huenda zimetoka katika beringi, ambazo hutengenezwa kwa tabaka za metali kama risasi, bati, shaba na alumini. Rangi ya shaba humaanisha kwamba tabaka la juu la beringi limekwisha toweka.

Hatua ya nne ni kuifungua vali ya kudhibiti kanieneo, ambayo katika injini nyingi hufikiwa bila kushusha bakuli. Pistoni yake yapasa kuteleza bila kukwama, na urefu wa springi yake ulinganishwe na kipimo cha kitabuni.

Hatua ya tano ni kushusha bakuli. Chujio na bomba lake hukaguliwa, na mianya ya giya za pampu hupimwa. Kisha hufunguliwa kifuniko cha beringi kuu moja na cha konrodi moja. Mwanya hupimwa kwa mikromita, au kwa uzi laini wa plastiki unaobanwa kati ya shingo na beringi. Kadiri unavyotandazwa kuwa mwembamba na mpana, ndivyo mwanya ulivyo mdogo. Ikiwa shingo ni laini na ya duara kamili, huenda kubadilisha beringi na pampu kukatosha, krankshafti ikiwa mahali pake. Ikiwa imekwaruzwa, haina budi kutolewa na kusagwa, na kufungiwa beringi nene zaidi, ambazo aghalabu huanzia nyongeza ya milimita 0.25.

Hapa ndipo faida ya uchunguzi wa mapema inapoonekana. Kati ya beringi iliyolika na shafti iliyokwaruzwa pana safari chache tu, lakini gharama zake hazilingani hata kidogo. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika injini, ufa huo hupimwa kwa sehemu za mia za milimita.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu anaweza kuonyesha kanuni mbili za makala haya kwa vifaa vya kawaida. Yatakiwa makopo mawili yaliyo sawa, msumari mwembamba na mwingine mnene, mafuta ya kupikia, kipimajoto, saa na chombo chenye alama za ujazo.

Toboa kopo la kwanza katikati ya kitako chake kwa msumari mwembamba, na la pili kwa msumari mnene. Pima vipenyo vya matundu. Ziba tundu la kopo la kwanza kwa kidole, tia mililita 200 za mafuta yenye joto la chumba, kisha achia na upime muda wa kutoka mililita 100. Rudia kwa mafuta yaliyopashwa hadi nyuzi 50 za Selsiasi ndani ya maji ya moto. Mafuta yasipashwe juu ya moto wazi. Kisha rudia yote kwa kopo la pili.

Wanafunzi waandike matokeo katika jedwali na kujibu: ni badiliko lipi lililopunguza muda zaidi, la joto au la tundu? Waeleze pia ni sehemu gani ya injini inayofananishwa na tundu la kopo, na kwa nini urefu wa mafuta ndani ya kopo usiachwe utofautiane kati ya jaribio na jaribio.

Oili iliyokwisha tumika katika injini isitumiwe katika jaribio hili. Ina kemikali zinazodhuru ngozi, na baadhi yake zaweza kuleta saratani. Isimwagwe ardhini wala mtaroni, bali ikusanywe katika chombo chenye mfuniko na kupelekwa kwa wanaoipokea kwa njia ya halali.

HITIMISHO

Geji iliyoshuka ni dalili, nayo dalili moja yaweza kuletwa na sababu nyingi. Oili nyepesi, kifaa kibovu, vali iliyokwama, pampu iliyolika na beringi iliyopanuka zote huusogeza mshale upande uleule. Anayekimbilia sababu moja kabla ya kupima amebahatisha, hata kama kwa bahati amepatia. Anayepima kwa mpangilio, oili ikiwa moto na geji ya mkono ikiwa imefungwa, hujua kila mara amefika wapi, na hujua pia wakati wa kukoma.

MASWALI

1. Eleza kwa nini pampu ya oili husemwa kwamba hutengeneza mtiririko wala si kanieneo.

2. Injini yenye mwanya wa milimita 0.06 husoma kilopaskali 240 katika mzunguko wa polepole. Kwa kutumia kanuni ya kipeo cha tatu, kadiria kanieneo mwanya utakapokuwa milimita 0.09, mnato na mwendo vikiwa vilevile. (Jibu: karibu kilopaskali 71.)

3. Dereva wa kwanza anasema geji yake hushuka katika mzunguko wa polepole. Wa pili anasema yake hushuka katika mwendo wa kasi. Ni katika lori lipi chujio la bakuli lashukiwa zaidi? Toa sababu.

4. Jaribio la Tower lilionyesha kanieneo kubwa katika beringi isiyokuwa na pampu. Ikiwa ni hivyo, kwa nini injini ya lori huhitaji pampu ya oili?

5. Mwenye lori ametia oili ya daraja la 50 mahali pa daraja la 40, na geji imepanda. Andika hoja mbili za kumweleza kwa nini bado yafaa beringi zake zichunguzwe.